Mama Mkwe Hakunigusa

Kama umepimwa kila kitu ukaambiwa uko sawa, na wewe mwenyewe unajua hauko sawa, haya ninakuandikia wewe. Mimi si daktari. Mimi ni kinyozi wa Kondele, hapa Kisumu, na mambo ya mishipa na majina ya dawa nawaachia waliosomea. Ninachokijua ni jinsi benchi la hospitali linavyochoma makalio ukikaa saa nne, na jinsi bega la mtu linavyoweza kupanda polepole mpaka likakaribia sikio bila mwenyewe kujua. Nimenyoa watu miaka kumi na saba. Mabega ya wengine nilikuwa nayaona yakipanda kila siku kwenye kioo. Yangu sikuyaona.

Ilianza na kifo cha kaka yangu Okoth, aliyenizidi kwa miaka mitatu. Alikuwa akiuza viazi Awasi. Siku moja ya soko aliinama kushika gunia, akaanguka palepale, ikawa basi. Walisema ni moyo, na mwaka huo hakuwa ameugua hata mafua. Mazishi niliyasimamia mimi: hema, viti, chakula, wageni waliotoka Muhoroni na kwingineko, nani alale wapi, nani ahutubu kabla ya nani. Watu walinisifu kwamba nimekuwa imara. Sikulia hata mara moja, na nilijivunia jambo hilo, mjinga mimi.

Kwetu, siku chache baada ya mazishi, watu wa nyumba ya marehemu hunyolewa nywele. Kwa kawaida ni kazi ya wazee wa ukoo na wembe wao. Lakini safari hii familia ilisema tuna kinyozi wetu wa mjini, tusumbue wazee kwa nini? Nikapewa karai la maji, sabuni na wembe mpya. Nilimnyoa mjane wa kaka yangu vizuri tu. Kisha akaketi binti yake wa kwanza, Achieng. Nilipoweka mkono wa kushoto juu ya kichwa chake nilikuta kibonde kidogo nyuma ya sikio, kilekile alichokuwa nacho Okoth. Mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Nikaukaza, nao ukazidi. Wembe ukamkata juu ya sikio na damu ikashuka mpaka shingoni.

"Baba mdogo, haiumi," Achieng akasema.

Yeye ndiye aliyefiwa na baba, na yeye ndiye aliyekuwa akinibembeleza. Nilimkabidhi mzee mmoja ule wembe, nikaenda nyuma ya choo, nikasimama hapo kifua kimebana. Nilijua kabisa kwamba imefika zamu yangu.

Niliporudi mjini ule mtetemeko ulirudi nami. Kibanda changu cha kunyolea tunakimiliki wawili, mimi na rafiki yangu Ouma, viti viwili, kioo kimoja kirefu. Mteja akikaa tu kwenye kiti changu, kifua kinajifunga, viganja vinatoa jasho, vidole vya mkono wa kushoto vinakufa ganzi. Sina kazi nyingine niliyosomea. Kinyozi ambaye mkono wake unatetemeka ni sawa na dereva asiyeona, na mimi nilikuwa nauona mkono wangu ukiniondoka siku baada ya siku.

"Omera, ndugu yangu, leo umekunywa nini?" Ouma aliniuliza.

"Sijakunywa kitu."

"Basi kunywa, pengine itatulia."

Tulicheka. Lakini wiki iliyofuata mwalimu mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, aliingia akaona kiti changu kiko wazi, akasema atamngoja Ouma, hana haraka. Alisema kwa adabu sana, na adabu yake iliniuma kuliko matusi.

Nikaanza hospitali. Mvua ndefu ilikuwa imeingia, na sakafu za vyumba vya kungojea zilijaa matope ya viatu. Ukiwa mgonjwa wa namna yangu unajifunza vyumba hivyo vizuri. Unajua benchi lipi lina mguu mbovu. Unajua kwamba anayeita majina atalikosea lako, kwa hiyo unasimama hata akiita linalofanana nalo kidogo. Siku moja mama mmoja mzee aliyekuwa pembeni yangu alifungua chupa yake ya uji, akamimina kwenye kifuniko, akanipa bila kuniuliza ninaumwa nini. Sijawahi kumwona tena. Uji ule ulikuwa na ndimu, na kwa muda wa kifuniko kimoja nilisahau kifua changu.

Kabla ya kipimo cha moyo, nesi alininyoa nywele za kifuani kwa wembe butu, kavukavu, bila hata sabuni. Nililala hapo nikiwa na hofu ya kufa na bado nilitamani kumfundisha kazi. Waya zikabandikwa, karatasi ikatoka, daktari akaisoma. Moyo mzima. Nikashukuru, nikatoka, na ile amani ikanisindikiza mpaka getini tu. Nilipovuka barabara vidole vya kushoto vilikufa ganzi tena. Nilienda hospitali nyingine, nikarudi ile ya kwanza, mara nne kwa jumla, na mara nne moyo ulikuwa mzima.

Nyumbani nilisema ni mgongo. Mke wangu, Awuor, ni fundi wa nguo, anashona sare za shule sebuleni kwetu. Sikutaka kumwambia kwamba ninangoja kuanguka kama Okoth. Nilidhani nikinyamaza ninamlinda. Kisha nikaacha hata kwenda kazini. Asubuhi navaa, naaga, nashuka mpaka ufukweni kule wanakooshea magari, nakaa juu ya jiwe nikitazama magugumaji yakisukumwa na upepo huku na huku. Jioni narudi na uso wa mtu aliyechoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa kuigiza. Kungoja kufa kunachosha kuliko kunyoa watu thelathini.

Mara ya nne nilikutana na daktari mwanamke, kijana, ambaye alisoma karatasi zangu haraka akaziweka kando. Akanitazama kutoka kiunoni kwenda juu, kama fundi anayetaka kujua koti litakaa vipi.

"Baba, shusha mabega," akasema.

"Yako chini, madam."

"Shusha."

Nikashusha. Yalishuka upana wa vidole viwili. Nilishtuka kwamba kulikuwa na nafasi yote hiyo ya kushukia.

"Roho yako tumeipima mara nne, iko sawa," akasema. "Hii ni wasiwasi. Imeingia kwa mwili ikajenga nyumba. Nitakutuma kwa mshauri muongee, hiyo ni lazima. Halafu na mwili pia uisaidie. Tembea. Pumua polepole. Na kama kuna mtu anaweza kukukanda, ukandwe. Si dawa ya kila kitu, lakini wengine inawashusha."

Akaniambia pia kwamba maumivu yakibadilika, yakawa ya namna nyingine, nisijifanye daktari, nirudi. Nakuambia na wewe hivyohivyo. Usije ukasoma hadithi ya kinyozi ukaacha kupimwa.

Kwa mshauri nilianza kwenda kila Jumatano. Na kwa kuwa daktari alikuwa ametaja kukandwa, nikafanya kosa langu la kwanza, nikaenda kutafuta masaji mjini. Mtu wa Kisumu akisikia neno masaji anacheka kwanza, kisha anakuuliza ni ghorofa ya ngapi. Nilijua hivyo na bado nikapanda ngazi. Mahali penyewe palikuwa safi na pa heshima. Mwanamke aliyenipokea alinionyesha kitanda chenye tundu la kuingizia uso, nikalala kifudifudi, akaanza na mabega, na mafuta yenye harufu ya maua.

Hakukosea lolote, mikono yake ilikuwa mizuri. Ila mimi nilikuwa nimelala uso ndani ya tundu, natazama vigae, mlango siuoni. Alipofika karibu na shingo mwili mzima ulishtuka. Niliruka, nikaomba msamaha, nikachukua shati nikalivaa ndani nje, nikashuka ngazi mbio. Katikati ya ngazi nikakutana ana kwa ana na mama mmoja wa kwaya yetu, amebeba mfuko wa nyanya.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Asifiwe," nikajibu, nikifunga vifungo.

Kufikia Alhamisi Awuor alikuwa na habari. Niliporudi kutoka "kazini" nilimkuta kwenye cherehani, na hakuacha kushona nilipoingia.

"Baba Akinyi, mgongo yako inauma sana, eh?"

"Kidogo."

"Mpaka inatafutiwa dawa kwa ghorofa?"

Nikaanza kueleza, nikaanza vibaya, kwa sababu nilianza na ngazi badala ya kuanza na Okoth. Akasimamisha cherehani.

"Na Ouma ameniambia haujaingia kinyozi wiki tatu. Wiki tatu! Unaenda wapi?"

Basi nikakaa kwenye kitanda cha wageni katikati ya marundo ya kaptura na sketi, nikamweleza yote. Wembe na damu ya Achieng, ganzi, vipimo vinne, jiwe la ufukweni, mshauri, ngazi. Nilidhani atakasirikia masaji. Hayo aliyapita kabisa.

"Umekaa ziwa wiki tatu unangoja kufa," akasema taratibu, "na mimi niko hapa nashona."

Kesho yake asubuhi alipanga nguo chache, akamwachia jirani sare zilizokuwa tayari, akamchukua Akinyi, binti yetu, wakaenda kwa mama yake Kisian. Nilibaki nikitazama ile cherehani imefunikwa kitambaa. Niliamini ameniacha, na nikaona ana haki. Siku mbili simu yangu haikulia. Ya tatu akapiga.

"Kuja Jumamosi hapa kwa Mama. Vaa shati safi. Na usiulize maswali."

Sasa lazima nikueleze kuhusu mama mkwe wangu, maana bila hilo hutaelewa kwa nini Jumamosi hiyo ilikwenda ilivyokwenda. Kuanzia barabarani pale Kisian kushuka mpaka ziwani, ukiteguka bega au kiuno kikikataa, unapelekwa kwake. Wavuvi, waendesha pikipiki, akina mama wanaobeba mizigo kichwani, wote wamepita mikononi mwake. Anatumia samli ya moto na vidole vyake basi. Mikono bora kabisa ya kukanda niliyowahi kusikia ikisifiwa ilikuwa ni ya mama wa mke wangu, na kwa desturi yetu ni mikono pekee duniani ambayo haiwezi kunigusa. Mkwe na mama mkwe hawashikani mikono. Hatukai kiti kimoja. Miaka kumi na minne ya ndoa tumesalimiana kwa mbali, yeye akitazama pembeni na mimi nikitazama viatu vyangu. Kuvua shati mbele yake ni jambo ambalo hata kuliandika hapa kunanifanya nione aibu.

Nilipofika, nikakuta nimewekewa kiti nje, ukutani, chini ya dirisha. Akinyi akaniletea chai akakimbia kwa kuku. Ndani nikasikia mkeka ukitandikwa.

"Awuor," sauti ya mama mkwe ikatoka dirishani, kubwa kama ya mtu anayehutubia mkutano, "hiyo bega ya mtu wako, inauma ndani ama nje?"

Awuor akatoa kichwa dirishani. "Inauma ndani ama nje?"

"Ndani," nikasema. "Karibu na mfupa wa mgongo."

"Anasema ndani, Mama."

"Nimesikia. Na pumzi inaishia wapi? Inafika tumbo ama inakwama kifua?"

"Inakwama kifua," nikasema.

"Inakwama kifua, Mama."

"Nimesikia, mimi si kiziwi!"

Hivyo ndivyo nilivyopimwa mara ya tano. Mama mkwe hakunisemesha mimi hata neno moja. Alimsemesha binti yake kwa sauti ya kunifikia, na mimi nilimjibu binti yake kwa sauti ya kumfikia yeye, na heshima ikabaki mahali pake. Kisha akalala yeye mwenyewe kwenye mkeka, akamwambia Awuor amkande, ili asikie kwa mgongo wake kama mkono unaenda vizuri. Niliyasikia masomo yote nikiwa na kikombe mkononi.

"Nyathina, mwanangu, unaniua! Unafinya kama unatafuta chawa. Tumia kiganja. Egemea, usisukume. Uzito yako inatosha." Nikasikia mkeka ukisogea. "Hapo. Sasa ngoja. Usikimbie. Nyama ikikataa, wewe kaa tu hapo, ipe joto, itachoka kukataa."

Kisha tena: "Na bega usianze nayo. Huyo mtu bega yake ni kama mbwa amefungwa, ukienda moja kwa moja itakuuma. Anza na miguu. Miguu haijui mambo ya roho. Ikilala miguu, magoti yanafuata, unapanda polepole. Bega utaifikia wiki ingine, hata mwezi ingine. Haraka ya nini?"

"Na akiogopa?" Awuor akauliza.

"Akiogopa usitoe mkono. Punguza, lakini usitoe. Mtu akiogopa halafu mkono itoke, anajua kweli kuna kitu." Akapaza sauti zaidi. "Na alale mahali anaona mlango! Nani anaogopa halafu analazwa uso chini kama mbuzi ya kuchinjwa?"

Nilicheka pale nje peke yangu mpaka chai ikamwagika. Sikuwa nimecheka hivyo tangu Okoth aanguke Awasi. Wakati wa kuondoka mama mkwe alisimama mlangoni, akatazama upande wa barabara.

"Ora, safari njema," akasema, yaani mkwe.

"Ero kamano, Mama," nikamshukuru, nikitazama viatu.

Tulianza Jumapili, baada ya kanisa, sebuleni kwetu. Awuor alisukuma cherehani pembeni, akatandika mkeka, akaacha mlango wazi na pazia limeshuka nusu, nikalala ubavu nikiuona mwanga wa nje. Samli aliipasha kwenye kifuniko cha sufuria. Jumapili ya kwanza ilikuwa miguu tu. Sitakudanganya, sikusikia chochote zaidi ya kutekenywa. Ya pili alifika magotini. Ya tatu alijaribu mgongo, kifua kikaruka, nikaanza kusema niache, niache. Hakutoa mkono. Aliupunguza mpaka ukawa umewekwa tu, wa moto, chini ya bega. Nilihesabu pumzi alizonifundisha mshauri. Ile hofu ilipanda, ikafika ilipotaka, ikaanza kushuka, na mimi nilikuwa bado nipo. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona ikishuka yenyewe bila mimi kukimbilia hospitali.

Jumapili ya nne, au ya tano, nilikuwa nimeanza kuzichanganya, alifika kwenye lile fundo karibu na mfupa wa mgongo. Akaegemea na kiganja, akangoja. Mvua ilikuwa inakatika nje, na mtu mmoja alikuwa akipita njiani anacheka kicheko cha mdomo wazi. Okoth alicheka hivyo. Nikaanza kulia. Nililia kwa sauti, mtu mzima, kamasi juu ya mkeka. Nilimlilia kaka yangu machozi yote niliyonyimwa na hema na viti na orodha ya wahutubu. Nilimwambia Awuor kwamba ninamtaka kaka yangu, kwamba hatukuwa tumemaliza kuzungumza, kwamba Jumamosi ya mwisho kabla hajafa alinipigia na sikupokea kwa sababu nilikuwa na mteja. Mkono wa Awuor ulibaki palepale. Alilia pia, nilimsikia.

Baada ya hapo nililala usingizi wa mchana mpaka jua likageuka upande. Nilipoamka nilinyanyua kikombe cha maji kwa mkono wa kulia na nikakitazama. Maji yalikuwa yametulia.

Usifikiri iliisha hapo. Wiki iliyofuata nilirudi nyuma kabisa, siku mbili hali yangu ilikuwa mbaya kuliko mwanzo, na nikamfokea Awuor kwamba samli yake inanuka kwenye nguo zangu zote. Alinijibu kwamba afadhali samli kuliko maua. Kwa mshauri niliendelea na Jumatano zangu, na huko ndiko nilikojifunza kuyasema yale ambayo mkeka ulikuwa umeyafungua. Nilitembea kila asubuhi, safari hii bila kujificha. Mwili ukaanza kunirudia vipande vipande. Kwanza ganzi ya vidole ikapotea. Kisha taya, ambalo sikujua hata linauma, likaachia, nikaanza tena kutafuna miwa. Pumzi ilifika tumboni siku ambayo sikuwa naingoja, nikiwa ninafunga viatu.

Mvua ndefu zilikuwa zimeisha na vumbi limerudi Kondele nilipoingia tena kibandani kwetu. Ouma hakufanya sherehe. Alifunga mlango kwa ndani, akakaa kwenye kiti changu, akajifunga kitambaa shingoni.

"Ninyoe."

"Nitakuanzia na mashine."

"Wembe," akasema. "Para yote."

"Ouma, nitakukata."

"Ukinikata nitasema ni bibi yangu. Watu wataamini."

Nilipaka povu. Nikaweka mkono wa kushoto juu ya kichwa chake, na mtetemeko ukaja, mdogo, kama mgeni anayebisha hodi huku anajua njia. Nikashusha mabega. Nikangoja, kiganja kikiwa kimetulia pale, kama nilivyosikia chini ya dirisha Kisian. Ouma alitazama kioo bila kupepesa. Nikapitisha wembe kutoka paji kwenda nyuma, mstari mmoja, kisha wa pili. Nilichukua muda mrefu kuliko mwanafunzi. Nilipomaliza alijipapasa kichwa chote akitafuta damu, hakupata.

"Umechelewa," akasema. "Fungua mlango, watu wanangoja."

Mwalimu yule alirudi kwenye kiti changu kabla ya mvua za vuli.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa hadithi nzuri ya mkono wa kinyozi. Lakini kuna jambo moja ambalo, kama wewe ndiwe mgonjwa nyumbani kwako, ningetaka ulijue mapema kuliko nilivyolijua mimi.

Ilikuwa alasiri moja shule zilipokaribia kufunguliwa. Awuor alikuwa kwenye cherehani amezungukwa na vitambaa vya bluu. Nilipita nyuma yake nikaona uzi umemning'inia kwenye kola, nikanyoosha mkono kuutoa. Vidole vyangu viligusa bega lake. Nimeshika mabega ya watu miaka kumi na saba, na sijawahi kushika bega gumu namna hiyo. Lilikuwa juu, karibu na sikio.

"Awuor, hii ni nini?"

"Ni cherehani."

"Si cherehani."

"Niache nimalize, watoto wanataka sare."

Nilitandika mkeka mwenyewe. Alibishana kidogo, kisha akaja, akalala ubavu akitazama mlango, bila mtu kumwambia. Nikapasha samli. Nikaanza na miguu. Nilipofika mgongoni nilikuta mafundo kila mahali, mengine ya zamani, nikaona haya sana. Miezi yote hiyo nilikuwa nimelala kwenye mkeka ule nikisikiliza mwili wangu, na mikono iliyonisikiliza haikuwa na wa kuisikiliza.

Kisha akasema, akiwa bado anatazama mlango:

"Ile siku nilienda Kisian, unajua sikuwa naenda kujifunza kukanda."

"Ulikuwa unaniacha. Nilijua."

"Sikuwa nakuacha. Nilikuwa naenda kuuliza Mama, mtu akibaki mjane anaanzia wapi." Mgongo wake ukaanza kutikisika chini ya viganja vyangu. "Nilikuwa nimeshakuzika, Baba Akinyi. Kila siku ukitoka kwa hiyo mlango nakuzika."

Sikutoa mkono. Niliupunguza mpaka ukawa umewekwa tu, nikaegemea, nikangoja. Alilia kidogo, kisha zaidi, kisha pumzi yake ikashuka mpaka chini tumboni, na mkono wangu ukashuka pamoja nayo.

"Nisogeze wapi?" nikamuuliza.

"Usisogeze," akasema. "Hapo hapo."